Maswali Yenu: Sindano, Methadoni na Ramadhani

Kugawa sindano mpya maskani si kuwafundisha vijana kujidunga unga (heroini)? (Likoni)
Swali hili nalijibu kila mara. Anayepokea sindano ameshaanza kujidunga zamani. Kilichobaki ni kama atatumia yake au ya mwenzake yenye damu. Mwaka 2012, mpango huu ulipotangazwa Kenya, viongozi wa dini Pwani waliupinga hadharani. Waliopanga mpango huo wangeanzia msikitini. Kuala Lumpur, Malaysia, kwenye Masjid Ar-Rahman, methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, ilianza kutolewa msikitini mwaka 2010, pamoja na mawaidha. Iran, dola ya Kiislamu, huitoa hata magerezani. Mashehe wetu wana hoja gani zaidi ya hao?

Nikiisuuza sindano kwa maji moto, yatosha?
Haitoshi. Chukua mpya. Kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia msishirikiane pia. Homa ya ini aina ya C hupitia humo.

Mume wangu yuko kwenye methadoni. Ramadhani afanyeje? (Malindi)
Dozi moja hushika kama siku nzima, kwa hiyo yaweza kunywewa usiku, mradi kliniki ifunguliwe. Aombe sasa, kabla mwezi haujaandama. Kliniki ya Pwani inayofungua asubuhi tu mwezi huo haiwajui watu wake. Asiruke siku, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, itamrudisha kwenye unga. Wala asichanganye na pombe au valiamu: pumzi hukatika, mtu akafa usingizini.

Binti yangu anajidunga na hataki kliniki, asema imejaa wanaume. (Old Town)
Mama, ana haki. Teja wa kike huitwa malaya kabla hajafungua mdomo, basi hujificha. Wengi hutegemea bwana awaletee unga; bwana hujidunga kwanza, yeye hufuata kwa bomba lile lile. Dar es Salaam watafiti walikuta wanawake wakijidunga, kisha wakivuta damu yao na kumpa mwenzao asiye na pesa ajidunge, wamwokoe na arosto. Ni huruma ya kweli, na ni njia kubwa ya kuambukizana. Mabango yanayochora vijana wa kiume pekee hayatamfikia huyo. Tafuta mwanamke aliyewahi kutumia akaacha, aje nyumbani kama mgeni yeyote, wazungumze chumbani bila ya baba. Usimfokee, usimfungie. Na kama ametumia sindano ya mtu ndani ya saa 72 zilizopita, mpeleke hospitali leo hii apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, azimeze siku 28 bila kukatiza.