Je, Mamothi Waliishi Tabora?

SWALI: Mhariri, mjukuu wangu ameona picha ya mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya marefu, akaniuliza kama waliishi hapa Tabora. Nimjibuje?

JIBU: Hapana, mzee wetu, ingawa mababu wa mbali wa mamothi walitokea Afrika. Wenye manyoya waliishi kaskazini mwa dunia, na wa mwisho walitoweka katika kisiwa cha Wrangel, Urusi, yapata miaka 4,000 iliyopita, piramidi za Misri zikiwa zimekwisha kujengwa! Mwaka 2007, huko Siberia, alipatikana mtoto wa mamothi aliyeganda ardhini kwa miaka 42,000 hivi, tumboni mwake mkiwa bado na mabaki ya maziwa ya mama yake. Kwetu, katika enzi ya barafu, yaani zama za kale za baridi kali duniani, barafu ilitanda vileleni tu, kama Kilimanjaro; nyanda zilipoa na kukauka, na maji ya Ziwa Tanganyika yakashuka sana.