Anza kwa kufuta kimoja

Dada, umesema mwaishi Likoni, kazi yako iko ng'ambo ya feri, Mombasa mjini, na wanao wawili wana shule, chuo cha Kurani jioni, tuisheni Jumamosi na kuogelea Jumapili. Asubuhi ni kelele tupu, na usiku kila mtu ala kwa wakati wake.

Feri huwezi kuiharakisha. Unachoweza ni kufuta, na mimi ningeanza na hiyo tuisheni. Mtoto wa gredi ya pili aliyekaa darasani siku tano hahitaji ya sita, hata majirani waseme nini (na watasema). Chuo kiache, ni hatua chache kutoka nyumbani na huko wana wenzao.

Ila Jumamosi hiyo usiijaze jambo jingine. Walale, wakiamka wakusaidie kukanda unga wa mahamri, hata wakimwaga. Watalalamika hawana la kufanya. Usiwakimbilie na simu. Wakiachwa, watajizulia mchezo wenyewe.

Kelele za asubuhi huanzia usiku: sare na mikoba iwe tayari kabla ya isha.

Kula pamoja kusiwe kila siku kwanza. Chagueni Ijumaa, simu zote kabatini, ya baba yao pia. Ukichoka kupika, vukeni mwende bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, mkale mihogo ya pilipili na ndimu huku mkitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini.

Kuhusu kuogelea, waulize wenyewe kama wanapenda. Wakisema hapana, ada ya muhula ujao usilipe.