Deni la hospitali na kadi, je, nitanyimwa kibali cha usalama?

Ndugu yangu, nimekuelewa: umepata uraia wa Marekani, mkandarasi wa jeshi anakuhitaji uwe na kibali cha usalama, yaani ruhusa ya serikali ya kushughulika na siri zake, na deni la hospitali na la kadi za mkopo yanakukosesha usingizi. Deni peke yake halikufungii mlango. Mwongozo F, yaani sehemu ya kanuni za kutoa kibali inayohusu mambo ya fedha, unapima kama shida ya pesa inaweza kukufanya ununulike, na kama hutimiza ahadi zako. Ugonjwa au kuachishwa kazi ni sababu inayozingatiwa, mradi uonyeshe ulichofanya baadaye.

Kwa hiyo anza leo. Chukua ripoti yako ya mikopo, mpigie kila anayekudai, mpatane kiasi cha kila mwezi, hata kama ni dola 50, na udai mapatano hayo kwa maandishi. Tunza risiti zote.

Kwenye fomu ya SF-86, yaani ile ya kuombea kibali, sehemu ya 26 inayouliza kuhusu madeni, usifiche kitu. Deni linaelezeka, kudanganya kwa makusudi ni kosa la jinai. Pesa unazowatumia wazee nyumbani nazo zinaulizwa, kwenye sehemu ya 20, basi ziandike.

Ukipokea barua ya sababu za kukunyima, muda wa kujibu ni mfupi. Tafuta wakili wa vibali siku hiyo hiyo.