Kuangalia ndege Arboretum bila utaalamu

Kaka umeuliza kama mtu asiyejua majina ya ndege anaweza kujitolea kurekodi ndege pale Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi. Unaweza kabisa, usiogope. Anza na yale matembezi ya kuangalia ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, lile shirika la uhifadhi, watu hukutana Makumbusho ya Taifa, yako tangu 1971 na wageni wanafundishwa palepale.

Alafu ukishazoea weka app ya BirdLasser kwa simu, ndo inapeleka rekodi zako Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wanapatikana wapi Kenya. Na hapo wengi wanakosea, wanadhani kazi ni kuhesabu ndege wako wangapi, hapana, unaandika kila aina kwa mpangilio ule ule uliowaona, angalau masaa mawili, na unaweza kuendelea hadi siku tano kwa eneo lilelile. Kwa hiyo hata kunguru muandike, kwarara pia, manake siku ndege wa kawaida akianza kukosekana kwa orodha za watu wengi ndo tunajua kuna shida. Ambaye huna uhakika naye usimwandike, tafadhali sana, jina la kubahatisha linaharibu kazi ya wote.

Mi mwenyewe kwarara nilimwona miaka mingi kama ndege wa kijivu mwenye kelele tu, mpaka siku moja akawa anachokoa minyoo kwa nyasi hatua tatu toka nilipo, jua likampiga begani, pakang'aa kijani na zambarau. Nenda mapema, na chakula ufiche vizuri kwa begi, kima wa pale wananyang'anya.