Alama ya kuuliza haifiki bima

Nakaa dawati la madai ya bima katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, na mafaili hupita mezani kwangu kupewa misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya WHO (Shirika la Afya Duniani) inayoupa kila ugonjwa msimbo wake. (ICD-11 ilianza rasmi 2022, ila kwetu bado ni ya 10.) Wadogo zangu mnaoanza kazi OPD (wagonjwa wa nje) na wodini, nina ombi.

Tuanze na "?malaria". Daktari anaweka alama ya kuuliza kuonyesha anashuku tu, anaagiza MRDT (kipimo cha haraka cha malaria), jibu linarudi hasi, mgonjwa anaandikiwa antibayotiki na kwenda zake. Jibu linabaki kwenye rejesta ya maabara. Tangu 2010 WHO inataka kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya dawa, kwa hiyo kipimo kinafanyika. Hakuna tu anayerudi kwenye faili kuandika kilichopatikana. Na kwa kanuni za ICD-10, ugonjwa ulioachwa kama unashukiwa hadi mwisho wa matibabu, bila maelezo mengine, hupewa msimbo kana kwamba umethibitishwa. Alama yako imefutika hapo. Mgonjwa anahesabiwa kwenye takwimu za malaria, na mhakiki wa bima anauliza antibayotiki imetoka wapi. Ungeandika "homa, MRDT hasi, chanzo hakijajulikana", ningeweka R50.9, msimbo wa homa isiyobainishwa, na kuendelea na faili jingine.

Wengine wanaona aibu kuandika dalili, kama vile wameshindwa kazi. Sura ya R, yenye misimbo ya dalili, imewekwa kwa ajili hiyo hiyo!

Kinachonichosha zaidi ni kisukari. "DM", basi. Aina gani? Siruhusiwi kukisia kwa umri wa mgonjwa wala kwa kuona metformin, dawa ya kisukari, kwenye karatasi ya dawa. Naishia E14.9: kisukari kisichotajwa aina, kisicho na madhara. Kumbe ukurasa wa pili mgonjwa anasafishwa kidonda cha mguu kila siku. Dai la hivyo likikatwa, mimi siwalaumu bima. Andika "kisukari aina ya 2, kidonda cha mguu wa kulia kilichosababishwa na kisukari" na tunafika E11.5, msimbo wa aina ya 2 unaobeba na kidonda hicho. Usipovihusisha wewe mwenyewe, nitaviandika kama magonjwa mawili yaliyokutana njiani.

Kwenye cheti cha kifo msiandike "moyo kusimama" peke yake. Moyo wa kila marehemu umesimama. Tunatafuta ugonjwa ulioanzisha mlolongo.

Nikipiga simu wodini kuuliza, tafadhali usiniambie "weka inayolipwa". Nimeshaambiwa hivyo, na faili lilirudi kwa daktari mwenyewe. Unaposahihisha, piga mstari mmoja juu ya kosa, liendelee kusomeka, kisha weka tarehe na sahihi. Ukipaka wino mweupe wa kufutia, mhakiki hawezi kujua ulificha nini, na fomu nzima inatiliwa shaka.