Nimekata Ugali, Hedhi Nayo Imekatika: Maswali na Majibu

Shangazi, shikamoo. Sendofu yangu ni Desemba. Tangu Juni nimeacha ugali na wali. Nakula matango, mayai mawili na chai kavu. Nimepungua kilo 11 na gauni linanikaa, ila huu mwezi wa tatu sijaziona siku zangu. Nimepima mimba, sina. Ni tatizo? *Bi harusi mtarajiwa, Mwanga*

Marahaba mwanangu. Kupima mimba kwanza umefanya la maana, wengi huliruka. Na ndiyo, ni tatizo, ila la kurekebishika.

Hedhi huanzia kichwani. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni kwa vipindi, homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamuru ovari zipevushe yai. Mafuta ya mwili pia yana sauti: hutoa homoni ya leptini inayoupasha ubongo habari za akiba iliyopo. Akiba ikipungua na chakula kikawa haba, haipothalamasi hupunguza amri zake. Yai halipevuki, homoni ya kike ya estrojeni inashuka, damu haiji. Mwili umeamua kuwa huu si wakati wa kubeba mtoto.

Utasikia mitandaoni kuwa mwanamke lazima awe na mafuta asilimia 22 ya uzito wake ndipo azione siku zake. Namba hiyo ilipendekezwa mwaka 1974 na watafiti wa Marekani, Rose Frisch na Janet McArthur, pamoja na asilimia 17 kwa msichana kuvunja ungo. Watu wameigeuza sheria, na sheria si hivyo: wapo wembamba kabisa wanaoziona kila mwezi. Tafiti za baadaye zimeelekeza kidole kwenye chakula kinachobakia mwilini baada ya kazi na mazoezi. Wanawake wenye afya waliopunguziwa sana chakula kwa siku 5 tu, homoni zao zilianza kuyumba.

Kwa hiyo rudisha ugali wako, weka mgebuka, weka maharage yaliyoungwa kwa mawese. Mawese ya Kigoma hayajakukosea kitu. Mwambie fundi aongeze upana wa gauni. Halafu nenda kituo cha afya, maana miezi mitatu bila hedhi kwa aliyekuwa akiziona vizuri inatosha kumwona daktari: tezi ya shingo na homoni ya prolaktini nazo huweza kuzizuia, hivyo zipimwe. Ukianza kula, usitegemee zirudi wiki ijayo. Huchukua miezi.

Mimi sijapungua hata kilo moja. Nacheza netiboli, nakimbia kila alfajiri, nakula mlo mmoja jioni. Mbona zimepotea? *Kasulu*

Kwa sababu mizani haioni kila kitu. Ukitumia nguvu nyingi bila kuzirudisha, mwili hubana matumizi, na uzito unaweza kubaki palepale. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu wa nishati kwa wanamichezo, wanaume wakiwemo. Kunywa uji wa karanga kabla au mara tu baada ya mazoezi, kula mchana, na pumzika siku moja au mbili kwa wiki. Mwalimu wako akisema kukosa hedhi ni dalili ya mazoezi kukolea, usimsikilize.

Nimefunga Ramadhani yote mwaka huu, sidaiwi hata siku moja. Dada zangu wananionea wivu. Nimekonda kiasi tangu mwaka jana. *Ujiji*

Kama hedhi yako huja kila baada ya siku 35, mwezi mmoja unaweza kukupita kihalali. Kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango, nayo huweza kuzikata. Kama si hayo, na Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, nayo imepita kavu, wivu huo hauna msingi. Pima mimba, kisha kamwone daktari.

Rafiki yangu kaniambia nimeze vidonge vya majira zirudi. *Kibondo*

Damu utaiona, lakini imeletwa na vidonge. Ubongo bado umenyamaza. Utajidanganya mwaka mzima huku mifupa ikiumia, kwani estrojeni ikiwa chini mifupa hupungua uimara, na vidonge hivyo si kinga ya kuaminika. Ujana ndio wakati wa kuijaza, hivyo hasara ya sasa huonekana uzeeni. Dagaa wa Tanganyika wanaoliwa na miba yao wana kalsiamu ya kutosha kabisa, ila bila chakula cha kutosha hata hao hawataokoa mifupa.

Binti yangu ana miaka 15 na nusu, mwembamba, hajavunja ungo. *Mama, Uvinza*

Mpeleke hospitali sasa, mama. Miaka 15 ndiyo mpaka, na wembamba si sababu pekee.

Kwa kuwa sizioni, mume wangu anasema hatuhitaji kinga. *Gungu*

Mwambie yai hutangulia, damu hufuata kama wiki mbili baadaye. Siku mwili wako utakapoamka unaweza kushika mimba kabla hujaona tone. Kama hamjapanga mtoto, tumieni kinga kuanzia leo.