Sahani moja, njaa mbili
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wewe unayepunguza uzito unakosa usingizi kwa njaa, ilhali mwenzako mnayekimbia naye kila alfajiri hadi Capri Point, hapa Mwanza, anashiba kwa nusu ya chakula chako. Huo si ulegevu wa moyo. Mtu anapopunguza uzito, homoni ya grelini, inayoleta njaa na ambayo hutolewa zaidi na tumbo, hupanda, na leptini, homoni ya shibe inayotoka kwenye mafuta ya mwili, hushuka, wala viwango hivyo havilingani kati ya watu. Tena mwenye mwili mkubwa hutumia nishati nyingi zaidi hata akiwa amelala, kwa hiyo kumwiga mwenzako tonge kwa tonge ni kujitesa bure.

Mimi nilibadilisha mpangilio wa sahani, si ukubwa wake. Sato wa kuchemshwa kwa nyanya na ndimu huliwa kwanza pamoja na matembele mengi, kisha ugali wa kadiri ya ngumi moja hufuata, kwa sababu protini na mbogamboga hushibisha mapema. Gramu 1 ya mafuta ina kilokalori 9 na ya protini ina 4, hivyo sangara wa kukaangwa, ambaye nakiri ndiye mtamu zaidi, namwachia Jumapili. Saa kumi jioni hutafuna matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) mawili matatu polepole kwa maji, na usiku sivamii chungu. Ukianza kupata kizunguzungu au kutetemeka mikono, ongeza chakula na umwone daktari.